Betri za Doa la Kijani

Velko alitoka pangoni kinyumenyume, magoti yakiburuzika kwenye theluji, mkono wake wa kulia ameufunga kwa skafu iliyokwisha kulowa damu. Nilikuwa nimeketi kwenye gogo nje ya mlango, zamu yangu ya kulinda kamba, na nilipomwona peke yake nikajua kabla hajafungua kinywa. Walikuwa wameingia wawili.

"Spas yu hai," alisema. "Mguu umevunjika. Mlaze chini huyu mzee kwanza, Zahari, halafu nikueleze."

Huyo mzee alikuwa yeye mwenyewe. Velko alifundisha jiografia kijijini kwetu mpaka akastaafu, na ndiye aliyetuanzishia chama chetu cha mapango, sisi watu wachache wa milima ya Rodopi ambao siku za mapumziko, badala ya kwenda kuvua samaki kama wanaume wenye akili, tunajipenyeza ardhini kama panya. Mimi ni mwoka mikate. Spas ni fundi umeme wa kiwanda cha mbao, na ni binamu yangu, mtoto wa mjomba.

Nilimfunika Velko koti langu, naye akanieleza. Nyuma ya mwanya tunaouita Koo la Mbuzi kuna chumba kidogo ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia kabla ya siku ile. Waliingia, wakafurahi, na Spas alipoegemea ukuta, bamba la jiwe likateleza likamlalia mguuni chini ya goti. Velko alilinyanyua kwa mtaimbo mpaka Spas akajivuta nje, lakini jiwe liliporudi chini lilikibana kiganja cha Velko mwenyewe. Akamwacha Spas amekaa kwenye mfuko wa kulalia, akatoka kutafuta msaada.

"Na juu yake?" nikauliza, kwa sababu niliona macho yake hayatulii.

"Juu yake kuna jabali lingine. Sikuliona vizuri. Taa yangu ya kabidi, hii ya gesi, ilikuwa inazimika, na mimi nilikuwa nalia kama mtoto."

Nilipiga simu. Kikosi cha uokoaji kilikuwa upande wa pili wa mlima, na njia ya juu ilikuwa na theluji. Kiongozi wao, mtu mmoja aitwaye Andon, aliniambia wanatoka papo hapo na mashine za kupasulia mwamba, wataupanua huo mwanya mpaka machela ipite. Kisha nikampigia daktari wa zahanati yetu, Bozhana Raykova, naye akampitia Milka, mke wa Spas, wakaja pamoja kwa gari la zahanati.

Milka alishuka bila kofia. Ni mwembamba kama ufito, mshonaji wa kiwanda cha nguo, na zamani aliingia mapangoni mara nyingi kuliko sisi sote. Aliacha. Hakuwahi kutuambia kwa nini, na Spas hakupenda kuulizwa. Hakulia. Alimsikiliza Velko mpaka mwisho, akamuuliza kama Spas alikuwa anaongea alipomwacha.

"Alikuwa anaongea. Alinituma nikuombe radhi kwa sababu ya chakula cha mchana."

Daktari Raykova ni mwanamke mnene, na alijua kabla ya kuambiwa kwamba Koo la Mbuzi si njia yake. Alimfunga Velko mkono huku akimsaili. Mfupa umetoboa ngozi? Velko hakujua, suruali ilikuwa haijachanwa. Unyayo una rangi gani? Kwa mwanga ule kila kitu kilikuwa cha manjano. Anaweza kusogeza vidole? Alisema anaweza, lakini Spas angesema hivyo hata kama mguu ungekuwa umebaki nyumbani.

Daktari akakaza fundo la bendeji. Kisha akasema kwamba hawezi kuamua kwa masimulizi. Kama unyayo unapata damu na mfupa haujatoka nje, Spas anaweza kufungwa vibao na kuvutwa kupitia mwanya kama ulivyo, kwa maumivu lakini salama. Kama sivyo, haruhusu mtu amguse mpaka machela iweze kupita. Na watu wa Andon walikuwa njiani na mashine zao zinazotikisa mwamba, na Velko hakuacha kulitaja lile jabali.

"Nahitaji kuona," alisema daktari. "Mguu pande zote, unyayo, na dari iliyo juu yake. Nani atapita?"

"Mimi," Milka akasema, na kweli hakukuwa na mwingine, kwa kuwa mabega yangu mimi hayapiti pale.

Kamera ya chama ilikuwa mkobani mwangu. Miaka ile simu zilikuwa zinapiga picha za ukungu mtupu, lakini kamera hii ilikuwa nzuri, ya dijitali, ya kutumia betri nne ndogo za duara. Niliiwasha. Ikatoa lenzi kama kobe anayetoa kichwa, ikatazama huku na huku, ikairudisha ndani na kuzima. Betri zilikuwa zimekaa humo tangu msimu wa uyoga. Hizi za kuchaji zina tabia hiyo: hata usipozitumia, zinavuja umeme taratibu kama mfuko wa unga wenye tundu la panya.

Daktari akafungua tochi yake na kunipa betri zilizokuwamo, za kawaida, mpya kabisa, amezinunua asubuhi ileile. Tuliziingiza. Milka akampiga Velko picha moja ya majaribio, flashi ikamulika vizuri, tukashusha pumzi. Ya pili flashi ilichelewa. Ya tatu haikuja. Kamera ile ilikuwa inakunywa umeme kwa mikupuo mikubwa, na betri za tochi zimezoea kutoa kwa kijiko.

"Nyumbani," Milka akaniambia. "Betri za Spas. Endesha wewe, shemeji."

*

Chini ya nyumba yao kuna chumba cha ghala, na humo Spas alikuwa na meza ambayo kijiji kizima kiliijua kwa mzaha. Alikusanya betri za kuchaji kama wengine wanavyokusanya sarafu. Alizipa alama za rangi kwa rangi ya kucha ya Milka, nne nne, na hakuruhusu betri ya kundi moja ikae na ya kundi lingine, kwa kuwa iliyochoka, alisema, huwavuta wenzake kaburini. Milka aliziita mahawara zake. Mara nyingi nimemsikia akiita kutoka jikoni kwamba supu ya maharagwe inapoa, awaage mahawara apande juu.

Sasa alisimama mbele ya meza ile na uso wake ukawa mweupe. Visanduku vilikuwa vingi, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa.

Nilichukua kipimo cha umeme nikaanza kuzipima moja moja. Zote zilisoma karibu sawa. Nikafurahi, nikamwambia zote ni nzima, tuchukue zozote. Milka akatikisa kichwa.

"Spas huniambia hicho kipimo ni mwongo. Betri ikipumzika inaonekana imeshiba. Ukiitwika mzigo ndipo inalala."

"Basi tutajuaje zipi zimechajiwa?"

Alifumba macho. Nadhani alikuwa anamwona mumewe akiwa ameinama pale pale, jioni baada ya jioni, yeye amesimama ngazini na kijiko mkononi. Kisha akafumbua, akanyoosha kidole. "Zilizochajiwa huzisimamisha vichwa juu. Zilizokwisha, vichwa chini."

Tulitazama. Meza nzima ilikuwa vichwa chini. Kisanduku cha doa jekundu, kile alichokipenda kuliko vyote, kilikuwa kitupu, na sote wawili tulielewa mara moja: zile nzuri zilizoshiba alikuwa amezichukua mwenyewe. Zilikuwa kule chini, kwenye taa iliyo kichwani mwake.

Yalibaki makundi mawili yaliyofaa kufikiriwa. Moja lilikuwa la rangi ya dhahabu, jipya, Spas alilinunua kwenye mnada wa mjini, na ubavuni liliandikwa tarakimu kubwa kuliko ya betri yoyote niliyowahi kuiona. La pili lilikuwa la doa la kijani, limekwaruzika, tarakimu yake ndogo, maandishi yake nusu yamefutika. Na chaja ilikuwa na matundu manne tu. Hapo ndipo tulipogombana.

Mimi nilitaka za dhahabu. Tarakimu ile ndiyo tumbo la betri, nikamwambia, na tumbo kubwa linabeba zaidi. Hili hata mimi mwoka mikate nalijua.

"Alizinunua akazicheka mwenyewe," Milka alisema. "Hajawahi kuzitia kwenye kamera."

"Labda alikuwa anazitunzia siku ya maana. Leo ndiyo siku ya maana, Milka."

"Wewe mikono yako hupima unga bila mizani. Zishike."

Niliziweka za dhahabu kiganja hiki, za kijani kiganja kile. Nilitaka niwe nimekosea, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuipenda tarakimu ile. Lakini mkono haudanganyi. Zile za dhahabu zilikuwa nyepesi, nyepesi kabisa, kama mkate uliojaa hewa, na za kijani zilikuwa na uzito wa kitu kilichojazwa kweli. Nilizirudisha zote mezani, na Milka akazipachika za kijani kwenye chaja.

Chaja nayo ilikuwa na mashaka yake. Ile Spas aliyoiamini huchaji polepole, kutwa nzima, na hatukuwa na kutwa nzima. Ilikuwako nyingine rafuni, ya haraka, ambayo aliipokea kama zawadi na kuikataza isiguswe kwa sababu, alisema, inachemsha betri kama viazi. Tuliitumia hiyo. Taa yake nyekundu ikawaka, na tukabaki hatuna kazi ila kungoja.

Sijawahi kungoja kitu vibaya namna ile. Milka alipanda juu, akavaa nguo za kubana na ovaroli ya zamani aliyoitoa chini kabisa ya kabati, akajaza chupa ya chai, akafunga mkate na jibini kwenye kitambaa, akafungua tena, akaongeza soseji kavu. Kila mara alikuja kugusa zile betri kwa mgongo wa kidole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Zilikuwa vuguvugu. Baadaye zikawa za moto.

Daktari alipiga simu. Andon na watu wake walikwisha kuvuka kilele, theluji imepungua, watafika mapema kuliko walivyodhani, na wanasema wakifika wanaanza kupasua mwamba bila kupoteza muda. Nilimweleza Milka. Taa ya chaja ilikuwa bado nyekundu.

"Tuzitoe," nikasema.

"Bado."

"Wataanza kupasua, Milka. Na lile jabali—"

"Nimesikia. Nikifika kule zikazima kwenye picha ya pili, nitakuwa nimekwenda kumwamkia tu. Bado."

Tulisimama hivyo, mimi nimeshika funguo za gari, yeye macho kwenye ile taa. Kisha umeme wa nyumba ukapepesa, kama unavyofanya kwetu theluji inapolemea nyaya, ukazima, ukarudi, ukazima. Haukurudi tena. Milka alizichomoa zile betri moja moja, akazitia kifuani ndani ya nguo ya ndani, akatangulia mlangoni.

"Zinaunguza?" nilimuuliza ndani ya gari.

"Zinaunguza. Baridi itazila zikikaa mfukoni. Endesha."

*

Pangoni niliingia naye mpaka kwenye Koo la Mbuzi. Nilimpa taa yangu ya kichwani, ambayo ni ya kizamani, hutumia betri bapa isiyoingia kwenye kamera hata ukiipiga nyundo, na mimi nikabaki na taa ya kabidi ya Velko. Milka alilala kifudifudi, mkono mmoja mbele na mwingine ubavuni, kichwa ameelekeza pembeni, akatoa pumzi yote, akaingia. Niliona viatu vyake vikichezacheza. Vikakwama. Nikamshika nyayo ili apate pa kujisukumia. Kisha nyayo zikaniponyoka mikononi, na nikabaki naitazama ile kona ambako mwanya unapinda na mwanga haupiti.

Yaliyotokea ndani alinisimulia baadaye.

Spas alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika mpaka kidevuni, midomo ya bluu. Taa yake ilikuwa imefifia mpaka ikawa kama kaa la jikoni. Alimtazama mkewe akitokeza shimoni, asiamini, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Umeleta zipi?"

"Za kijani."

"Umechaji kwa ipi?"

"Kwa ile uliyoikataza. Nyamaza, Spas, nionyeshe mguu."

Aliikata suruali kwa mkasi wa kazini. Hakuna mfupa ulioonekana nje, lakini mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi, na ngozi imevimba iking'aa. Alizitoa betri kifuani, zingali na joto, akazitia kwenye kamera. Spas akamwelekeza kwa sauti ya chini azime kioo cha nyuma, atazame kwenye kitundu, maana kioo kinakula sana. Akapiga. Flashi ikajaza chumba chote. Mbele, ubavuni, nyuma ya goti. Alivua soksi akapiga unyayo, akabonyeza kidole gumba mpaka kikawa cheupe, akakipiga hivyo, na tena damu ilipokuwa ikirudi, kama daktari alivyomfundisha.

Halafu akageuza kamera juu. Mpaka dakika hiyo hakuwa ametazama dari. Mweko wa kwanza ulimwonyesha jabali ukubwa wa tanuri la mkate, limening'inia juu ya kichwa cha mumewe, na chini yake hakuna mwamba wa kulizuia: ni udongo tu, wenye ufa mpya ambao ulikuwa bado unadondosha chembechembe. Akapiga tena kutoka upande mwingine, na tena. Mara hiyo flashi ikachelewa, na alama nyekundu ikaanza kumweka.

"Inatosha," Spas akasema. "Bakiza wauone kule nje. Kutazama hakuli kama kupiga, lakini kunakula."

Wakati huohuo taa ya Spas ikazima. Haikufifia zaidi, ilizima tu, na walibaki na taa moja, ile yangu, iliyokuwa kichwani mwa Milka. Alimpa chai, akamlisha jibini. Alimsogeza kidogo kidogo, akimshika makwapani, mpaka kichwa chake kikatoka chini ya lile jabali, lakini miguu haikuweza kufuata. Spas aliuma mkono wa koti asipige kelele. Ndipo wote wawili wakafikia lile jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitaja.

Milka angetoka na taa, Spas angebaki gizani, chini ya jabali linalodondosha udongo, asijue ni lini wala upande gani wa kujikinga. Angempa betri za kamera, daktari na Andon wasingeona kitu, na mashine zingeanza.

"Chukua taa uende," Spas alimwambia. "Mimi nimezoea giza."

"Hujazoea. Hata chooni huwasha taa mbili."

"Milka. Koo lile kwa giza, hapana. Utakwama."

Alivua taa akamvika yeye kichwani, akaikaza mikanda. Spas alijaribu kuivua, naye akamshika mikono. Aliniambia kwamba alimkumbusha mumewe jambo moja la zamani linalowahusu wao wenyewe, na sikumuuliza ni lipi.

Mimi upande wangu nilisikia jina langu likiitwa kutoka ndani ya mwamba.

"Zahari, natoka bila taa. Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Usinyamaze. Nitafuata sauti."

Nikaanza na kitu pekee ninachoweza kukisema nikiwa usingizini, jinsi ya kukanda unga. Nikamwambia achekeche unga, afanye shimo katikati, amimine hamira iliyoumuka, maji yasiwe ya moto. Nilisikia kitambaa kikikwaruza jiwe. Kikasimama. Nikaendelea kuongea, nikakanda, nikafunika, nikaacha unga uumuke. Kutoka kule ndani ilikuja pumzi fupi fupi, ya mtu aliyebanwa kifua. Nilitaka kumuuliza kama amekwama, nikaogopa jibu.

"Umesahau chumvi," sauti ikasema, karibu kuliko nilivyotazamia.

Nikanyoosha mkono ndani ya mwanya mpaka bega, nikashika vidole vyake.

*

Nje, watu wa Andon walikuwa wamekwisha kufika na walikuwa wakiteremsha mashine. Andon alikuwa mwanamume mtulivu, mwenye ndevu zenye barafu, na alisimama kando ya daktari bila kumharakisha. Milka aliiwasha kamera. Wakainama wote juu ya kile kioo kidogo, Velko naye akisukuma kichwa kati yao.

Daktari alitazama mguu, akapita, akatazama unyayo. Alirudi nyuma picha moja, akaenda mbele. "Damu inarudi," alisema. "Unyayo uko hai. Mfungeni vibao, mpeni sindano nitakayowapa, anaweza kuvutwa."

"Dari," Velko akasema. "Nionyesheni dari."

Milka akabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Alibonyeza tena, akazima, akawasha. Hakuna. Andon alisema kwa upole kwamba yeye akipanua mwanya watamtoa mtu kwa machela ipasavyo, bila kumtesa, na kwamba Velko alikwisha kukiri hakuona vizuri. Milka alijaribu kumweleza alichokiona, lakini midomo yake ilikuwa imekufa kwa baridi na maneno yalitoka vipande vipande. Jabali. Udongo. Ufa. Andon aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama watu wanavyomwitikia mke wa mgonjwa.

Daktari Raykova ndiye aliyeifungua kamera. Alizitoa zile betri, akafungua koti, akazitia kwapani, mbili huku na mbili huku, akakunja mikono.

"Mimi nina joto la kutosha watu wote," alisema. "Ngojeni kidogo."

Tukangoja. Mashine ilikuwa imekwisha kuunganishwa, na mtu mmoja wa Andon alikuwa akipiga miguu chini kwa baridi. Daktari alizirudisha betri ndani, akampa Milka. Kioo kikawaka, kimefifia, na lile jabali likatokea, limening'inia juu ya mfuko wa kulalia, ule ufa ukionekana wazi kama mdomo uliofunuka. Andon alishika kamera kwa mikono yote miwili. Nadhani alikuwa bado anaitazama ilipozima, kwa sababu aliendelea kukikodolea macho kile kioo cheusi.

"Zirudisheni mashine garini," alisema. "Asiguse mtu ule mwamba, wala asipige kelele."

Aliingia mwokoaji wao mwembamba kuliko wote, na Milka akarudi naye, safari hii akiwa na taa mbili kichwani. Walilitegemeza jabali kwa jeki ndogo na vipande vya mbao, wakamfunga Spas vibao, wakampiga sindano, wakamlaza kwenye turubai. Sisi tulivuta kamba upande wetu kwa vidole, sentimita kwa sentimita, Andon akiongoza kwa mkono bila kutamka neno. Ilipofika katikati ya Koo, Spas alipiga ukelele mmoja. Sisi tulisimama, kutoka nyuma yake tukasikia mchanga unamiminika, kama mtu amepasua gunia. Andon akafumba macho. Mchanga ukakoma. Akainua mkono, tukavuta.

Spas alitoka jua likiwa bado limekaa juu ya misonobari. Milka alitoka baada yake, akakaa kwenye theluji, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti kubwa, bila kuficha uso, mpaka daktari akaja kukaa pembeni yake na kumkumbatia.

Mguu wa Spas ulipona mfupi kidogo kuliko mwenziwe. Mpaka leo akipita mbele ya duka langu asubuhi, nautambua mwendo wake kabla ya kumwona. Kule chini hakwenda tena, ingawa hakuna aliyemkataza. Milka ndiye aliyerudi. Majira ya kuchipua, theluji ilipoyeyuka, alikuja kwenye mkutano wa chama akiwa na ovaroli ile ya zamani mkononi, akaketi kwenye kiti cha mumewe, na Velko akamwandika bila kumuuliza kitu. Alisema hataki kwenda kwenye Koo la Mbuzi. Alitaka lile pango la juu, lenye mto ndani yake, ambalo aliliacha bila kulimaliza mwaka ule aliozaliwa binti yao, na ambalo sisi wanaume tulikuwa tumelisahau.